Anza na daftari la hisabati

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Kwa nini shule ile ile ya msingi ya mtaani mzazi mmoja anaisifu na jirani yake anailaani?", huku kwetu Kigoma-Ujiji huulizwa kila Januari kwenye foleni ya fundi wa sare. Mzazi wa mtaa wa Mwanga atakuambia shule ya mtaani kwake haina mpinzani. Wa nyumba ya pili anahesabu nauli ya kumpeleka mwanawe shule ya mchepuo wa Kiingereza. Wote wawili wanasema kweli, ila hawaizungumzii shule moja.

Shule ya msingi yenye watoto 1,000 ni shule nne au tano ndani ya uzio mmoja wa minyaa. Kuna mkondo A na mkondo B. Kuna awamu ya asubuhi na, pale vyumba vinapopungua, awamu ya mchana inayoanza jua likiwa utosini, watoto wakiwa wameshachoka kwa kucheza na kuchota maji. Mtoto wa Darasa la Kwanza aliyeangukia kwa mwalimu aliyebobea kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, atasoma kabla ya likizo ya Desemba. Mwenzake wa mkondo wa pili, ambaye mwalimu wake alihamishwa katikati ya muhula na darasa likaunganishwa na jingine, atafika Darasa la Tatu akibahatisha silabi. Ukuta mmoja umewatenganisha. Kwa hiyo anayetaka kujua habari za shule asiulize "shule gani nzuri?" Aulize "mwalimu gani anashika Darasa la Kwanza na la Pili, na kila mkondo una watoto wangapi?"

Idadi ndiyo mzizi wa mengi. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba. Darasa la 120 si jambo la ajabu huku kwetu. Kipindi cha Darasa la Tatu na kuendelea ni dakika 40. Mwalimu akifundisha dakika 15, zinabaki 25 za kupita kwenye madawati, yaani sekunde 12 na nusu kwa kila mtoto. Kusahihisha nako: dakika moja kwa kila daftari ni saa mbili kamili kwa kipindi kimoja, na mwalimu huyo ana vipindi vingine vinne siku hiyo. Hapo ndipo njia za mkato zinapozaliwa. Zoezi la maswali kumi linakuwa la matatu, watoto wanabadilishana madaftari kusahihishana, majibu yanaandikwa ubaoni na kila mtu anajipa tiki. Mzazi anaita uvivu. Mara nyingine ni uvivu kweli, lakini hesabu hiyo ya saa mbili haimwachi hata mwalimu mwenye bidii.

Kipimo kizuri kuliko vyote kimo ndani ya begi la mtoto: daftari la hisabati. Lifungue Ijumaa jioni. Angalia tarehe za wiki mbili zilizopita uhesabu mazoezi. Chini ya matatu kwa wiki, kuna jambo la kuuliza. Kisha tazama wino mwekundu. Tiki moja kubwa iliyolala juu ya ukurasa mzima, ikifunika swali lililopatikana na lililokosewa pamoja, maana yake mwalimu hakusoma. Tiki ndogo au mkasi kwenye kila swali, chini yake neno "masahihisho", mtoto amerudia lililomshinda, na mwalimu amerudi tena kuweka tiki kwenye marudio: hapo mtoto anafundishwa. Hatua hiyo ya mwisho, mwalimu kurudi kuona masahihisho, ndiyo inayokosekana kwingi, na bila hiyo mtoto hurudia kosa lile lile hadi mtihani.

Usiishie kwa mtoto wako. Omba daftari la jirani wa mkondo mwingine, somo hilo hilo, wiki hiyo hiyo, uyaweke pamoja mezani. Mara nyingi mabishano ya majirani huishia hapo. Ila uwe na haki: kurasa zikiruka siku nne, kwanza muulize mwalimu wa darasa akuonyeshe daftari la mahudhurio. Wapo watoto wanaoaga nyumbani na sare, wakaishia mwalo wa Kibirizi kuanika dagaa.

Kusoma nako kunapimika nyumbani kwa dakika moja. Kigezo kilichowekwa kitaifa kwa mtoto anayemaliza Darasa la Pili ni maneno 50 kwa dakika, akielewa anachosoma. Chukua kitabu cha Taasisi ya Elimu Tanzania; kama hamna, kipo bure kwenye maktaba mtandao ya TET na simu ya jirani inatosha. Chagua ukurasa ambao darasa halijafika. Hili la ukurasa mpya ni muhimu, maana watoto wengi wanazikariri hadithi za mwanzo kwa sauti ya darasa zima, na mtoto anaweza "kusoma" ukurasa huku anatazama kuku uani. Weka kidole kwenye neno la katikati ya mstari, kisha la mwanzo, umwombe alisome peke yake. Akikwama kwenye maneno yenye mwambatano kama "ng'ombe", "mbwa" au "chakula", anajua irabu lakini silabi hazijakaa, na hilo linatibika kwa wiki chache za mazoezi ya kila siku. Akishindwa hata "baba" likitolewa nje ya hadithi, usisubiri kikao cha wazazi.

Kuhusu matokeo ya Baraza la Mitihani, wengi wanatazama wastani wa shule tu na kuufanya hukumu. Mtihani wa Darasa la Saba una masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Daraja C linaanzia 121, B 181, A 241. Wastani wa 150 kwa shule yenye watahiniwa 160 ni kazi kubwa kuliko wastani wa 190 kwa shule ya watahiniwa 30. Lakini namba ya kuitafuta zaidi ni nyingine: fungua matokeo ya Upimaji wa Darasa la Nne ya miaka mitatu nyuma ya shule hiyo hiyo, ulinganishe idadi. Walifanya 140 Darasa la Nne, wakafika 96 Darasa la Saba? Wengine walihama, sawa. Wengine walikariri darasa. Waliobaki wako ziwani, mashambani Uvinza au jikoni kwa watu. Shule inayosifiwa kwa ufaulu huku ikipoteza theluthi ya watoto njiani, mimi siisifu.

Sasa pesa, maana hapa ndipo maneno makali yanapotoka. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 michango ya lazima nayo ikaondolewa. Badala yake serikali hutoa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo 4,000 ni za vitabu na hazipiti shuleni. Zinazofika ni 6,000, sawa na 500 kwa mwezi. Shule ya watoto 1,000 inapata nusu milioni kwa mwezi ya chaki, karatasi, umeme, maji na ukarabati. Jaribio moja la masomo sita kwa darasa la watoto 120, karatasi mbili kila somo, linakula karatasi 1,440, karibu rimu tatu. Mkitaka jaribio kila wiki, darasa hilo moja ni rimu 12 kwa mwezi. Ndiyo maana shilingi mia mbili ya mtihani inajitokeza.

Mchango wa hiari si kosa. Unageuka kosa pale unapopitishwa bila mkutano, mwalimu anapokusanya fedha kwa mkono wake, au mtoto anaporudishwa nyumbani kwa sababu hakuleta. Taarifa ya ruzuku iliyoingia na ilivyotumika inatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Ukiona ubao una ratiba ya usafi tu, peleka swali kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, kwa maandishi, nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ikikwama hapo, Afisa Elimu Kata, kisha ofisi ya elimu msingi ya manispaa. Anayerukia redio au kundi la WhatsApp kwanza hupata makofi mengi na majibu machache.

Uji wa shuleni nao unastahili hesabu yake. Gramu 50 za unga kwa kikombe, siku 194 za masomo kwa mwaka, ni karibu kilo 10 za unga kwa mtoto. Hiyo ni takriban nusu debe ya mahindi kama mtasaga dona. Mkikoboa sembe, robo au zaidi ya mahindi inaishia kwenye pumba, na nusu debe haitafika Novemba. Kamati nyingi hukosea mahali pawili. La kwanza ni kutaka fedha taslimu kila mwezi kutoka mtaa wa wavuvi: siku za mbalamwezi hakuna dagaa, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mwezi wa tatu bila kipato, mchango unakufa na sufuria linafunikwa. Pokeeni mahindi baada ya mavuno, yakiwa yote mara moja, mbaki na fedha ndogo tu ya mpishi na mashine.

La pili ni kupokea mahindi mabichi. Yakiwekwa stoo na unyevu, sumukuvu, sumu ya ukungu, inaingia na hakuna kupika kutakakoiondoa. Kipimo chake hakihitaji maabara: chupa kavu ya glasi, punje kuijaza theluthi, kijiko kikubwa cha chumvi kavu, tikisa dakika mbili au tatu, acha itulie. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, mahindi yarudi juani. Ikimwagika chini yote, pokeeni. Mzazi aliyerudishiwa gunia atanung'unika, bora anung'unike. Na mtoto ambaye kwao hawajaleta asisimamishwe pembeni ya foleni wenzake wakinywa. Malalamiko ya namna hii ndiyo mazito kuliko yote, na huwa ya kweli. Dawa ni kamati kukadiria mapema idadi ya kaya zisizoweza na kuiongeza kwenye hesabu ya gunia.

Viboko: kanuni za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa naye idhini ya maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu cha adhabu. Mtoto akirudi na alama, omba kitabu hicho. Kisipokuwepo, shauri lako limeshakuwa na uzito. Vyoo: tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25, watoto 1,000 nusu kwa nusu wanahitaji matundu 45, nendeni mkahesabu.

Ujiji kuna jambo jingine ambalo wageni hawalioni. Watoto wengi huenda madrasa baada ya shule. Mtoto wa awamu ya mchana ama anakosa madrasa ama anatoroka vipindi vya mwisho, na mzazi wake atasema shule haina maana huku mzazi wa mtoto wa asubuhi anaipenda. Zipo shule zinazobadilishana awamu kila mwezi ili mzigo usimkalie mmoja. Uliza siku ya kuandikisha.

Na anayeamua kumhamisha mtoto asimtoe kwa kumshika mkono tu. Kila mwanafunzi ana namba ya PREM kwenye mfumo wa Baraza, na uhamisho lazima ufanywe humo: shule inayopokea ithibitishe nafasi, barua ipite kwa afisa elimu, shule anayotoka imwachie kwenye mfumo. Fanya hivyo Desemba au Januari, na usimhamishe akiwa Darasa la Nne au la Saba baada ya usajili wa mtihani. Kinachoharibika huwa hakionekani mapema. Mtoto anakaa darasani Gungu miaka miwili, anaitwa jina kila asubuhi, kisha siku ya kusajili Darasa la Nne mwalimu wa taaluma anaingiza majina, la kwake halipo. Kwenye mfumo bado yuko Kasulu.