Saa ya kompyuta ikirudi nyuma, usikimbilie kununua mazabodi

Juzi dada mmoja mwenye stationeri kaniandikia ujumbe ulionitia uchungu. Kompyuta yake ya mezani, kila akiiwasha asubuhi, tarehe imerudi 2009. Anarekebisha, anapiga kazi, anazima, kesho yake yale yale. Fundi aliyemwita akachungulia kidogo, akasema mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya kompyuta, imekufa, atafute hela. "Kaka, nisaidie kabla sijakopa," ndivyo alivyomaliza.

Dada yangu, usikope. Na wewe unayepambana usimamishe kiofisi chako, soma hii.

Yalinikuta hayo hayo hapa Morogoro nilipoanza. Nilikuwa na mashine moja tu, mtumba iliyotoka Ulaya. Ghafla ikaanza: ukiwasha, skrini nyeusi na maandishi meupe, saa haijawekwa, bonyeza F1 uendelee. Unabonyeza, Windows inafunguka vizuri, lakini kila tovuti inagoma na kudai muunganisho si salama. Nje vijana wamejaa, wanataka kuomba mkopo wa chuo, na dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko 2009 inakiona cheti hicho hakijaanza kutumika, inakikataa. Vijana wakahamia kwa jirani. Fundi niliyemwamini akanitajia bei ya mazabodi iliyokaribia ile niliyonunulia mashine nzima. Mpaka leo nikikumbuka alivyonitazama usoni akisema vile, kifua kinabana.

Nikafungua keisi mwenyewe. Kwenye mazabodi kuna betri bapa ya duara, imeandikwa CR2032, volti 3. Niliipima kwa multimita ya kuazima, ikasoma chini ya volti 2. Nikaenda kwa fundi saa sokoni, nikanunua mpya kwa hela ya soda. Mashine ile ndiyo iliyosomesha wadogo zangu, na haikubadilishwa mazabodi hata siku moja.

Betri hiyo kazi yake ni kuendesha saa umeme usipokuwepo. Kompyuta ikizimwa lakini waya ukabaki na umeme, saa hula umeme wa ukutani. Sisi huku tunazima swichi ya ukutani kila jioni, na tuna haki, maana umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu unaunguza vitu. Ila basi usiku kucha betri inabeba mzigo peke yake, na nyingi za mtumba zimefika zikiwa zimeshachoka.

Kabla ya kuitoa, ingia BIOS, yaani kurasa za mipangilio ya mashine zinazofunguka kabla ya Windows (mashine nyingi unabonyeza Delete au F2 wakati wa kuwasha), upige picha za kurasa zote kwa simu. Hapa ndipo wengi wanapolia. Betri ikitoka, mipangilio inaweza kurudi ya kiwandani, na ule wa namna mashine inavyoisoma diski, ulioandikwa AHCI au RAID, ukibadilika, Windows inaleta skrini ya bluu. Mtu anadhani ameua diski, kumbe ni kurudisha mpangilio mmoja tu kama ulivyokuwa kwenye picha.

Zima, chomoa waya kabisa, gusa chuma cha keisi. Sukuma kile kibanio cha pembeni, betri inaruka yenyewe. Mpya iingie upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Washa, weka tarehe na saa kwenye BIOS, hifadhi, kisha iache bila umeme usiku mzima. Asubuhi utajua. Betri feki zipo, kwa hiyo ipime dukani. Mpya inatakiwa isome volti 3 au zaidi kidogo.

Kama saa yako inapishana kwa saa 3 kamili, na tarehe na mwaka viko sawa, betri haina kosa. Angalia majira uliyochagua, yawe ya Nairobi. Wenye Windows na Linux (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta) kwenye mashine moja huwa inawapata sana hii, kwa kuwa moja inaisoma saa ya mazabodi kama ya hapa na nyingine kama ya Greenwich, iliyo nyuma yetu kwa saa 3.

Betri ya zamani usiiache mezani. Mtoto akiimeza inaweza kumuunguza koo ndani ya saa 2. Akimeza, kimbia naye hospitali papo hapo.

Mafundi wenzangu, mteja anapokuletea mashine anakuletea chakula cha wanawe. Pima betri kwanza, kisha useme. Hela ya mjane unayoila kwa kumdanganya haikujengei jina mjini. Mtu akishajua, anawaambia kanisani, msikitini na sokoni, na huyo fundi wangu wa zamani wateja wake wengi sasa wanakuja kwangu.

Dada, kanunue betri leo, na ile skrini ya BIOS nitumie picha kabla hujaigusa.