Injini ya 20R imechoka, niweke ipi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina pikapu Hilux ya 1980, ilikuwa ya mzee wangu. Injini yake 20R ya petroli imechoka, inakula oili na moshi wa bluu hauishi, ila bodi na chesisi bado viko imara. Wengine wananiambia nipige 3L ya dizeli nisahau shida, wengine 22R. Nimsikilize nani?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hongera kwa kuitunza gari ya mzee. Mimi nakushauri 22R. Hiyo ni mdogo wake 20R kabisa, yako ni cc 2,189 na hii 2,366, na boliti za giaboksi zinaingia palepale bila kuchonga adapta. Hapo ndo watu wengi wanaumia, wananunua injini nzuri kisha wanaanza kukata na kuchomelea mauntingi, propela shafti haifiki, sampu (bakuli la oili chini ya injini) inagonga kwenye krosimemba (chuma cha kukatiza chesisi), gari inakaa juu ya mawe miezi.

3L ni injini ngumu sana, siikatai, lakini inakuja na mambo yake: ina uzito zaidi mbele, inataka paipu ya kurudisha dizeli kwenye tangi, waya za hita plagi (plagi za kupasha moto injini ya dizeli kabla ya kuwaka), na kikubwa zaidi ni BREKI. Busta yako, ile inayokupunguzia nguvu ya kukanyaga breki, sasa hivi inavutwa na vakyumu (mvuto wa hewa) ya manifoldi ya petroli, dizeli haina vakyumu hiyo ya kutosha, ndo maana 3L ina pampu yake ya vakyumu nyuma ya alteneta. Ukiletewa injini bila alteneta hiyo, halafu fundi akaziba tu hozi ya busta ili mradi iwake, pedeli itakuwa ngumu kama unakanyaga ukuta. Hilo usikubali hata kwa kuijaribu barabarani.

Sasa 22R nayo ikague kabla hujatoa hela. Fungua kava ya valvu, mulika tochi upande wa mbele cheni ya taimingi inapopita. Kuna gaidi za plastiki pale, yaani reli za kuiongoza cheni, zikivunjika cheni inaanza kusugua kava ya taimingi mpaka inatoboka, maji yanaingia kwenye oili. Kwa hiyo ukisikia inakwaruza asubuhi ikiwa ya baridi, au oili ina rangi ya chai ya maziwa, achana nayo, au kama bloku ni nzima basi hesabu kabisa cheni, gaidi na kava mpya. Pima na kompresheni (presha ya kubana hewa) silinda zote 4, zisipishane sana.

Injini ikiwa bado chini badilisha sili ya nyuma ya krenki, diski ya klachi na ile beringi ndogo inayokaa katikati ya krenki, maana baadaye ni kushusha giaboksi upya. Diski ijaribishe kwanza kwa mkono kwenye shafti ya giaboksi, meno yateleze bila kulazimisha. Rejeta isafishwe, na kabla ya kuiwasha mara ya kwanza toa plagi upige starta mpaka presha ya oili ipande.