Talaka haifuti mkopo mliosaini wote

Dada hapo unaposema mahakama imeshaamuru mume alipe mkopo wa nyumba kwa hiyo wewe umeshatoka, hapana, bado hujatoka. Ile amri inawabana nyie wawili tu, benki haikuwa kwenye kesi na mkataba wao una saini yako, siku akiacha kulipa watakutafuta wewe na rekodi yako ya mikopo inaharibika pamoja na yake. Ndio unaweza kumrudisha mahakamani akulipe, ila hela yako imeshatoka. Nenda benki mapema, omba mkopo ubaki kwa jina lake peke yake, wakikubali wakupe kwa maandishi. Na tafadhali usisaini kutoa jina lako kwenye hati ya nyumba kabla hilo halijakamilika, utabaki na deni bila nyumba.