MASWALI YENU KWA SISTA: Sura ni ya mdogo wangu ila mtu siyo yeye

Swali: Shikamoo sista. Nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 27, ni dereva bodaboda huku Morogoro. Mwaka jana mwezi wa 8 aligongwa na gari akaangukia kichwa, helmeti ilikuwa imening'inia kwenye usukani. Alikaa siku mbili hajitambui, CT-scan (ile picha ya ndani ya kichwa) wakasema damu imevilia kidogo kwa mbele lakini haihitaji operesheni, baadae akaruhusiwa. Saivi anatembea vizuri, anaongea vizuri, hata watu anaowadai anawakumbuka wote. Ila tabia sista! Alikuwa mpole, sasa anamtukana mpaka mama, hela ya siku anaigawa yote kabla hajafika nyumbani, na kuoga mpaka umwambie. Juzi maharage yameungua moshi umejaa jiko zima, yeye kakaa hapo hapo anasema hasikii harufu yoyote. Mke wake karudi kwao, mjomba anasema kachezewa tutafute mtaalamu. Hii ni dharau, ni jini, au ni ile ajali?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, poleni sana. Ni ile ajali. Mimi ni nesi siyo daktari na sijamuona, lakini nimekaa wodi ya majeruhi wa kichwa miaka mingi na hayo maharage yako yamenigusa kuliko yote uliyoandika, ngoja nikwambie kwanini.

Ubongo wa mtu mzima una kama kilo 1.4 hivi, na ni laini, laini kweli, kama uji mzito uliopoa, umekaa ndani ya fuvu umezungukwa na maji. Kichwa kikipiga lami fuvu linasimama pale pale lakini ubongo wenyewe bado unaenda, kama abiria wa daladala dereva akikanyaga breki ghafla. Sasa sakafu ya fuvu kwa mbele, hapo juu ya macho, siyo laini, ina mfupa wenye mikwaruzo, kwahiyo sehemu ya mbele ya ubongo ndo inaumia mara nyingi. Na chini yake tu inapita mishipa ya kunusa, myembamba kama nyuzi, inapenya kwenye vitundu vya mfupa kuingia puani, ubongo ukisogea kwa nguvu inakatika. Ndo maana mtu akianguka halafu harufu zikapotea na tabia ikabadilika, mimi nafikiria sehemu ya mbele kabla ya kufikiria kitu kingine chochote.

Hiyo sehemu ndo breki ya mtu. Wewe ukikerwa tusi linakufika mdomoni, kuna kitu kinakwambia nyamaza, ni mama huyo. Kwake hicho kitu kimeumia. Ndo inayopanga pia hela ya leo ibakie ya kesho, na ndo inayomuanzisha mtu kufanya jambo. Hilo la kuoga msimwite mvivu jamani, ni kama pikipiki injini nzima ila kiki haikamati, ukimsukuma kidogo anawaka. Kutembea, kuona, kumbukumbu ya zamani, maneno, hivyo vinategemea zaidi sehemu zingine: kuona ni kisogoni, kupata balansi ni ubongo mdogo wa nyuma kwa chini, maneno kwa watu wengi ni upande wa kushoto. Zile kwake inaonekana zimepona, ndo maana mnamuona mzima halafu mnaumia mara mbili.

Na hili halijaanza kwa mdogo wako. Tarehe 13 Septemba 1848, kule Cavendish, Vermont, Marekani, kuna msimamizi wa kazi ya reli anaitwa Phineas Gage, miaka 25, baruti ililipuka ikarusha chuma cha zaidi ya mita moja, kilo kama 6, kikaingia chini ya shavu la kushoto kikatokea utosini. Hakufa. Baada ya dakika chache alikuwa anaongea. Daktari wake John Harlow akaja kuandika kwamba yule kijana mtulivu aliyetegemewa kazini amekuwa wa matusi, mipango anaanza anaacha, mpaka rafiki zake wakasema huyu siyo Gage tena. Ila watu wanaishia hapo hawamalizii, kwamba baadae alienda Chile akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, kazi ya ratiba ile ile kila siku, na inaonekana alitulia sana. Alifariki 1860 baada ya kupata degedege.

Kwahiyo ratiba. Iandikeni ukutani, kuamka, kuoga, kula, na mwambieni jambo moja moja siyo matatu kwa mpigo. Hela ikae kwa mama. Akipandisha msibishane nae, mtoeni kwenye kelele apumzike, uchovu unamuharibu sana. Pombe asiguse, pikipiki asiendeshe mpaka daktari aseme, maana degedege inaweza kuja hata miezi mingi baada ya ajali. Na kwenye gesi ya kupikia asiachwe peke yake, ikivuja hatajua! Mrudisheni hospitali na karatasi zote za mwanzo, muombe rufaa kwa wataalamu wa ubongo, pale MOI, taasisi ya mifupa na ubongo Muhimbili, Dar es Salaam, wapo, ulizieni na mwanasaikolojia na watu wa tiba kwa vitendo, wale wanaomfundisha mtu upya shughuli zake za kila siku. Nafuu kubwa huwa inakuja miezi ya mwanzo lakini haikomi hapo, wapo wanaoendelea kupata nafuu mwaka wa pili na wa tatu, ingawa siwezi kukuahidi atarudi kama alivyokuwa.

Kwa mjomba, dua msiache, ila asitokee mtu wa kumfunga kamba, kumchapa au kumwachisha dawa. Na yule mke mpigie leo, msomee hii, pengine anaamini mume kamchukia.

Swali: Sista eti mtoto akigonga kichwa asilale mpaka asubuhi, ni kweli?

Jibu: Usingizi wenyewe haumdhuru, shida ni kwamba damu inaweza kuvuja kati ya fuvu na ubongo taratibu, mtoto anaamka anacheza unasema kapona, saa chache baadae anazidiwa. Alale ila usiku huo muwe mnamwamsha mara kadhaa muone anawatambua. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukilegea, akitoka maji au damu puani au masikioni, akipata degedege au haamshiki, usisubiri kukuche, toka nae usiku huo huo.