PCOS haimaanishi hutazaa

Pole dada yangu wa Arua. Umeuliza kama PCOS, yaani hali ya homoni za mwanamke kuvurugika, ndiyo mwisho wa kupata mtoto, maana hedhi inakaa miezi miwili au mitatu bila kuja na mama mkwe ameanza maneno. Hapana, siyo mwisho. Vile vifuko ulivyoonyeshwa kwenye ultrasaundi si uvimbe wa kukatwa. Ni mayai yaliyoanza kukua yakakwama kabla ya kupevuka. Shida kubwa ni kwamba yai halitoki kila mwezi, na hilo lina tiba.

Dawa inayotangulizwa siku hizi ni letrozoli, inayosukuma yai lipevuke. Inaandikwa na daktari, usiinunue kiholela. Metiformini, dawa ya kisukari, nayo husaidia wengine, hasa sukari ikiwa inapanda. Kama uzito umezidi, kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu kunaweza kurudisha hedhi. Huhitaji kuacha matoke wala posho (ugali): punguza kipimo, ongeza maharage, dodo (mchicha) na mukene (dagaa), soda achana nayo kabisa. Anza vidonge vya vitamini ya folik asidi, mikrogramu 400 kwa siku, kabla ya mimba.

Na tafadhali, mume naye apimwe mbegu! Inaniuma kuona mwanamke anazungushwa miaka peke yake. Kampala kuna Hospitali Maalumu ya Wanawake Mulago, wanashughulikia haya.

Hedhi ikipita miezi mitatu bila kuja na huna mimba, mwone daktari hata kama hutafuti mtoto sasa, kwa sababu ukuta wa ndani wa kizazi unaweza kunenepa kupita kiasi.