Kiti cha Kinyozi: Kinyoleo cha chuma, maji ya mvua na shingo inayowaka

*Maswali ya wasomaji yanajibiwa na kinyozi wetu wa Goma*

Mukubwa kinyozi, salamu kutoka Himbi. Ninasoma chuo kikuu. Nimechoka na vinyoleo vya plastiki vya kutupa: kila nikinyoa, shingo inawaka hadi kesho yake. Birere nimenunua kinyoleo cha chuma, kizito, kile cha kufungua kichwa na kutia wembe wa makali mawili. Tangu nikinunue ninakitazama tu. Baba anasema nitajikata koo. Nianzie wapi? Na ni lazima nitafute sabuni na brashi za Ulaya? — P.

Mdogo wangu P., mtulize baba. Kinyoleo hicho kilitengenezwa ili mtu aweze kujinyoa mwenyewe bila kujikata. Mmarekani King Camp Gillette alikipatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1904, wakati wanaume wengi bado walikuwa wanatumia wembe mrefu wa kukunja, ambao hutaka mkono uliozoea na ngozi ya kuunolea. Ukikaza kichwa chake utaona mwenyewe: wembe unabanwa kati ya kifuniko na bati la chini, na ni ukingo mwembamba tu unaochungulia. Atakayejikata ni yule anayekandamiza, au anayekiteleza kwa ubavu kama anakata mkate.

Kuhusu shingo yako, nadhani ninajua kinachoiunguza. Nywele zetu zimejikunja tangu kwenye shina. Kinyoleo cha plastiki chenye nyembe tatu au tano kinauvuta unywele juu, kinaukata, halafu kipande kilichobaki kinarudi chini ya ngozi. Ncha yake ni kali. Ikianza kukua inachoma ukuta wa tundu lake, au inatoka nje na kujikunja ikaingia tena pembeni. Hapo ndipo kipele kinapozaliwa. Wembe mmoja, usiokandamizwa, unakata usawa wa ngozi na kuishia hapo. Lakini chuma hicho hakitakusaidia ukiendelea kutafuta uso laini kama wa mtoto. Mimi hilo nimewakataza wateja wangu wengi: mkono ukipita shavuni usihisi kitu kabisa, ujue umenyoa kupita kiasi.

Kabla ya kugusa wembe, ziache ndevu siku mbili. Kisha pitisha kidole polepole, sehemu moja baada ya nyingine. Upande ambao kidole kinateleza ndio nywele zinakoelekea. Upande unaokwaruza ni kinyume chake. Mashavuni karibu kila mtu zinashuka chini. Shingoni kuna mambo: wengine zinapanda juu, wengine zinalala kuelekea sikioni, wengine zinazunguka chini ya taya. Shingo yako ijue wewe, maana hakuna atakayekuchorea ramani yake. Kwangu hilo linazidi bei ya kinyoleo chochote.

Sabuni ya Ulaya si lazima. Tafuta sabuni ya kunyolea, ya kipande au ya tyubu, na brashi yoyote yenye nywele laini. Za nywele bandia zinakauka haraka na ni rahisi kutunza. Sabuni ya kufulia iache kwenye nguo, inakausha ngozi. Linalosumbua zaidi hapa Goma ni maji. Maji mengi ya bomba yanavutwa ziwani, na maji ya Kivu yana magnesiamu nyingi. Yakikutana na sabuni yanafanya utando mweupe unaoganda kwenye beseni, na povu halisimami. Kama nyumbani mnakinga mvua ya bati, tumia hiyo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe bati kwanza, halafu ndiyo ukinge. Chota kikombe kimoja kwenye bidoni, kipashe kwenye mbabula (jiko la makaa), kinatosha uso mzima. Kama huna maji ya mvua, ongeza sabuni na uwe na subira.

Lowesha brashi, ikamue, izungushe juu ya sabuni, kisha ongeza maji kwa matone huku ukizungusha. Povu likiwa na mapovu makubwa yanayopasuka, maji yamezidi. Likiwa kavu na kushikana, hayajatosha. Chukua kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada usugue: vikiteleza bila kukwama, limeiva. Osha uso kwa maji ya moto, usijifute, pakaza povu na ulipe dakika mbili lilainishe nywele. Watu wengi wanaharakisha hapa, kisha wanalaumu wembe.

Sasa mkono. Shika mwisho wa mpini kwa vidole, si kwa ngumi. Weka kichwa cha kinyoleo shavuni huku mpini ukitazama mbele, sawa na sakafu. Hapo wembe haugusi kitu. Shusha mpini pole pole. Kuna mahali utasikia sauti ndogo ya kukwaruza: umefika, ni kama nyuzi 30 kati ya wembe na ngozi. Uzito wa chuma ndio unaokata, wewe unaongoza tu. Vuta sentimita mbili, tatu, suuza, rudia. Ngozi usiivute kwa nguvu. Ikivutwa sana unywele unakatwa ukiwa nje, kisha unazama ndani ngozi ikilegea, na tumerudi kwenye vipele.

Wiki ya kwanza nyoa mashavu tu. Shingo na chini ya pua ziache, au zipunguze kwa mashine. Mashavu ni mapana na yamenyooka, yatakufundisha mkono. Shingo uiingilie baadaye, kwa mwelekeo wake uliouhisi kwa kidole, mara moja. Ukitaka kurudia, paka povu upya na ufuate mwelekeo ule ule. Kinyume cha nywele, kwa mtu mwenye shingo kama yako, sikushauri hata kidogo.

Ukimaliza: maji baridi, kisha shabu, lile jiwe jeupe. Liloweshe na ulipitishe usoni taratibu. Mahali litakapowasha sana ndipo ulipokandamiza, na kesho utapakumbuka. Suuza, paka losheni isiyo na manukato. Pafyumu kwenye ngozi iliyotoka kunyolewa ni mateso yasiyo na faida.

Papa kinyozi, mume wangu ni mlinzi, na kazini hawataki ndevu. Ananyoa kila asubuhi. Shingo yake imejaa vipele, vingine vina usaha, na anavitumbua kwa sindano. Nimnunulie kinyoleo hicho cha chuma? — Mama R., Katindo

Mama R., kwa sasa hapana. Wembe wowote juu ya ngozi iliyojeruhiwa utaongeza majeraha. Apumzike kunyoa kwa wembe angalau mwezi mmoja. Nywele zikirefuka kidogo, nyingi zinajichomoa zenyewe. Wakati huo atumie mashine isiyogusa ngozi, aache kama milimita moja. Kwa mbali uso unaonekana safi, na wakubwa wengi wa kazi hawatasema neno. Wakisema, daktari anaweza kumwandikia karatasi, kwa sababu huu ni ugonjwa unaojulikana wa ngozi wala si uvivu.

Sindano aiache leo. Usaha ukiendelea, au kovu likianza kuvimba na kuwa gumu, aende kwa daktari bila kuchelewa. Makovu ya namna hiyo yakishakua ni vigumu kuyarudisha. Ngozi ikitulia kabisa, someni pamoja majibu niliyompa P. hapo juu, na asinyoe kila siku. Siku moja anyoe, siku moja apumzike.

Mukubwa, mimi ni mutu wa moto (pikipiki), Majengo. Kinyoleo kimoja, wembe mmoja, tunatumia na mdogo wangu wa miaka 16 anayeanza kuota ndevu. Tunausuuza kwa maji moto. Kuna shida? Na wembe mmoja unyoe mara ngapi?

Kuna shida kubwa, ndugu yangu. Kunyoa kunaacha mikwaruzo ambayo jicho haliioni, na damu kidogo inabaki ukingoni mwa wembe. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, na maji ya moto ya kusuuza hayaviui. Ukimwi nao uko. Kuwa ndugu wa tumbo moja hakuzuii kitu. Ukija kwa kinyozi pia, hata kwangu, dai wembe ufunguliwe mbele ya macho yako kutoka kwenye karatasi yake.

Kwa mtu mmoja, mara tatu hadi tano ni kawaida. Ndevu ngumu zinaumaliza mapema. Ukianza kuvuta nywele badala ya kukata, utoe siku hiyo hiyo. Usiufute kwa kitambaa, suuza na ukung'ute. Uliochakaa utie kwenye kopo la maziwa lililotobolewa tundu jembamba juu. Usiutupe kwenye takataka, kuna watoto wanaochambua pale kwa mikono mitupu.

Mdogo wako mnunulie kinyoleo chake. Kwa miaka 16 ana nywele chache za mdomoni na kidevuni. Mara moja kwa wiki inamtosha. Simama naye mbele ya kioo mara ya kwanza, kwanza bila wembe ndani, ajaribu mkono juu ya povu mpaka aache kukandamiza.