Goti bandia: kabla ya kukata ligamenti, angalia mfupa

Wadogo zangu mnaoanza kuingia thieta ya mifupa, najua wengi mnachotaka ni kushika msumeno tu, na mimi nilikuwa hivyo hivyo kwa hiyo siwasemi vibaya. Ila kwenye kubadilisha goti msumeno ndo sehemu rahisi. Pagumu ni pale umeshakata halafu goti halikubali.

Kwanza eksirei. Ile fupi ya goti peke yake haitoshi, dai ndefu mgonjwa akiwa amesimama, toka nyonga mpaka kifundo cha mguu. Chora mstari toka katikati ya kichwa cha mfupa wa paja hadi katikati ya kifundo uone unapita wapi gotini, mwenye matege utapita upande wa ndani, yule ambaye magoti yanagongana utapita nje. Halafu pima pembe kati ya mstari huo na njia ya ile fimbo unayoingiza ndani ya paja, wengi inacheza digrii 5 mpaka 7, sasa usikariri 6 ukamvalisha kila mtu, kuna mtu alivunjika paja utotoni na mfupa ukaunga umepinda, huyo fimbo itakudanganya mchana kweupe.

Sasa nafasi, yaani uwazi unaobaki kati ya paja na ugoko ukishakata. Unazo mbili, ya goti likiwa limenyooka na ya goti likiwa limekunjwa digrii 90, na zote unataka ziwe kama ubavu wa kiberiti, ndani na nje sawa, sio kabari. Ukikata paja kwa chini unaongeza nafasi ya kunyooka tu, ukikata paja kwa nyuma unaongeza ya kukunja tu, ukikata ugoko unaongeza zote mbili. Hii irudieni mpaka muiote.

Mimi niliijua kwa mtihani, thieta ikanipotea. Mama mmoja goti lilibaki na digrii kama 10 halinyooki, likikunjwa liko poa kabisa, mimi nikaenda kukata ugoko tena. Likanyooka, nikajiona fundi. Kulikunja, linachezacheza kama mlango uliotoka bawaba. Nikaweka plastiki nene zaidi, ile inayokaa kati ya chuma cha paja na cha ugoko, kukunja kukakaa sawa, kunyoosha tukarudi palepale, yaani nimepoteza mfupa na muda na sijasogea hata hatua moja. Bosi wangu akaniuliza kwa upole tu, "Daktari, nyuma umesafisha?" Sikuwa nimesafisha. Tukainua paja, nyuma kule kumejaa vimfupa vilivyoota vimeivuta kapsuli, ule mfuko unaozunguka goti, kama kamba ya kuanikia nguo, tukavitoa kwa patasi iliyopinda, tukaibandua kapsuli kidogo, mguu ukanyooka wenyewe.

Ndo maana nasema mfupa kwanza. Kwa mwenye matege, vile vimfupa vya pembeni upande wa ndani vinaisukuma ligamenti, ule ukano unaoshika mifupa pamoja, kama mti unavyosukuma turubai, ukivitoa ligamenti inapata nafuu na mara nyingi huhitaji kuigusa tena. Ikibidi kuachia, achia kidogo, pima, achia tena, maana ukizidisha hakuna kurudisha.

Magoti yanayogongana yana ujanja wake. Kwa nyuma paja upande wa nje huwa limelika au dogo toka mwanzo, kwa hiyo kile kifaa cha kuelekezea cha digrii 3 kinachokaa nyuma ya paja kitakugeuzia kipandikizi kwa ndani, linganisha na mstari wa vinundu viwili vya pembeni mwa paja na ule mfereji wa mbele kabla hujatoboa. Na ukinyoosha mguu uliopinda sana hivyo, mshipa wa fahamu wa nje ya goti unavutika, ganzi ikiisha mwambie mgonjwa ainue wayo kuelekea juu, usingoje raundi ya kesho.

Mtasikia pia mabishano, kwamba goti la kawaida ugoko umelala kwa ndani kama digrii 3 kwa hiyo kwa nini tukate ugoko digrii 90 kamili na mhimili wake, daktari wa mifupa Stephen Howell kule Marekani ndo anatajwa sana kwa kufuata goti la mtu lilivyokuwa kabla halijalika. Hoja ina mashiko, ila kama 90 yenyewe bado inakutoka 86 usikimbilie huko.

Mwisho kabla ya kushona, kunja goti bila kushikilia pia, kile kifupa cha mbele ya goti, kwa kidole gumba. Ikikimbilia nje usikate kitu bado, legeza taniketi, ule mkanda wa pajani unaozuia damu, ujaribu tena, na kama bado inakimbia rudi ukaangalie ulivyozungusha vyuma vyako.